Bafu halikauki: namna ya kutoa unyevu kwenye nyumba isiyopitisha upepo

Baridi ya Uingereza ikishaanza, kuanzia Oktoba hivi, maswali huwa yaleyale. "Kioo cha bafuni hakikauki mpaka mchana, tatizo nini?" "Nimefuta madoa meusi darini, wiki mbili tu yamerudi, ninunue dawa gani?" "Mwenye nyumba anasema eti tunaoga sana, ni kweli?" Nimechoka kujibu kipande kipande, kwa hiyo naandika yote mahali pamoja.

Wengi wanaouliza wamekulia Tanga, Mombasa, Mwanza au Bukavu, kwenye nyumba ambazo bafu lina matofali ya matundu karibu na dari, au dirisha la vipande vya vioo ambalo halijawahi kufunga sawasawa. Huko hakuna aliyefundishwa kukausha bafu, maana upepo uliifanya kazi hiyo bila kuombwa. Huku nyumba imejengwa, au imekarabatiwa, makusudi ili upepo usipite: madirisha ya vioo viwili, mipira kwenye fremu, povu kwenye kila ufa. Joto linabaki ndani, bili inapungua, na mvuke wako nao unabaki ndani. Kufuta na kupaka rangi hakutakusaidia kama mvuke haujapewa njia ya kutokea na hewa kavu haijapewa njia ya kuingilia. Vyote viwili, kwa pamoja.

Nimeandika nikimfikiria mpangaji wa fleti au nyumba ya kawaida ya Uingereza. Kama uko Sweden, Kanada au Minnesota, hatua ni zilezile, ila sheria za upangaji zitakuwa tofauti.

Nadharia kidogo, halafu kazi

Hewa ya joto hubeba maji mengi, ya baridi hubeba machache. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba takriban gramu 17 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Ya nyuzi sifuri inabeba 5 tu. Maana yake, hewa ya nje ya Januari, hata mvua ikiwa inanyesha, ikiingia ndani na kupashwa joto inakuwa kavu na ina nafasi ya kuubeba mvuke wako. Hapa ndipo watu wa pwani tunapokosea zaidi: tunaona mvua, tunafunga dirisha "unyevu usiingie". Huku unyevu uko ndani, na nje ndiko unakotakiwa kwenda.

La pili: hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa matone ikigusa kitu chenye nyuzi 12 hivi. Kioo cha dirisha, kona ya ukuta wa nje, kigae nyuma ya choo, vyote vinaweza kufika hapo usiku wa baridi. Na ukungu hauhitaji hata matone. Hewa inayogusa ukuta ikikaa kwenye unyevu wa asilimia 80 na zaidi kwa muda mrefu, inatosha kuuotesha.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kipima unyevu cha dijitali. Kidogo, cha betri, bei yake haizidi pauni 10 au 15. Ukiweza nunua viwili, kimoja cha bafuni na kimoja cha chumbani.
- Karatasi ya chooni.
- Kifutio cha maji chenye ukingo wa mpira, kile cha kufutia vioo.
- Kitambaa kinachonyonya maji vizuri.
- Bisibisi, brashi laini na kivuta vumbi, kwa ajili ya feni ya bafuni, ile ya ukutani au darini inayotoa hewa nje.
- Ngazi fupi iliyo imara. Usipande ukingo wa beseni la kuogea wala choo.
- Glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na barakoa ya daraja la FFP2 au zaidi, kama ukungu umeshaota.
- Kipande cha karatasi ya foili na gundi ya utepe.

Mashine ya kunyonya unyevu haimo kwenye orodha hii kwa makusudi. Watu wengi huikimbilia kwanza wakatoa pauni 150 au 200 huku feni ya bafuni imezimwa miaka miwili. Tutaifikia baadaye.

Hatua

1. Pima kwa wiki moja kabla ya kubadilisha chochote. Andika unyevu wa bafuni asubuhi kabla ya mtu kuoga, dakika chache baada ya kuoga, na saa moja baadaye. Wakati wa kuoga utaona 90 au zaidi, usishtuke. Namba ya kuangalia ni ile ya saa moja baadaye. Ikiwa imeshuka karibu na hali ya nyumba nzima, tuseme 50 hadi 60, bafu lako linapumua. Ikiwa bado ni 75 au 80, mvuke haujatoka. Na kama vyumba vyote vina 70 asubuhi kabla hata hujafungua bomba, tatizo limeshavuka bafu.

Wiki hiyohiyo fanya jaribio la foili kwenye ukuta wenye shaka. Kausha ukuta, bandika foili kipande cha ukubwa wa kiganja, ziba kingo zote nne kwa utepe, iache siku mbili. Ikilowa upande unaokutazama, ni mvuke wa ndani. Ikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ukutani: bomba linavuja, paa au mfereji umepasuka, silikoni ya bafu, ule mpira wa kuziba kingo, imeachia. Hapo mwongozo huu hautakufaa peke yake, ita fundi au mjulishe mwenye nyumba.

2. Jaribu feni kwa karatasi. Iwashe, chukua kipande kimoja cha karatasi ya chooni, kiweke kwenye wavu wake. Feni nzima hukishika chenyewe. Kikidondoka, au kikining'inia kwa upande mmoja, feni inapiga kelele tu.

Kama haiwaki kabisa, tazama juu ya mlango wa bafu kwa nje. Mara nyingi kuna swichi ndogo peke yake, yenye alama ya feni au isiyo na alama yoyote. Hiyo ndiyo inayokata umeme wa feni. Nimeona nyumba nyingi ambamo mpangaji wa zamani aliizima kwa sababu ya kelele za usiku, na waliofuata hawakujua hata kama ipo. Maelezo mazima ya ukungu wa nyumba hizo yalikuwa swichi hiyo moja.

3. Isafishe. Zima kwenye swichi ile ya juu ya mlango, hakikisha imezimika kweli, ndipo uondoe kifuniko. Utakuta vumbi limegandamana kama sufi. Nyonya, pangusa mapanga kwa brashi, osha kifuniko kwa maji ya sabuni, kausha, rudisha. Usimwagie maji injini wala kugusa nyaya. Kisha toka nje utazame tundu ambako hewa inatokea: vibao vyake vifunguke feni ikiwaka, na kusiwe na kiota cha ndege. Rudia jaribio la karatasi.

4. Tafuta hewa inakoingilia. Hatua hii wengi hawaijui kabisa. Feni haiwezi kutoa hewa kama hakuna hewa inayoingia kuchukua nafasi yake. Kanuni za ujenzi za Uingereza zinataka chini ya mlango wa ndani kubaki mwanya wa milimita 10 juu ya sakafu iliyokamilika, kwa kazi hiyohiyo. Halafu mtu anaweka zulia nene kwenye korido, au anabandika mpira chini ya mlango kuzuia baridi, na feni inakabwa.

Kulijua ni rahisi. Funga mlango wa bafu, weka karatasi kwenye feni. Sasa fungua mlango kidogo. Karatasi ikishikwa kwa nguvu zaidi mlango ukiwa wazi, mwanya hautoshi. Ondoa mkeka au mpira huo. Kama mlango wenyewe unagusa zulia, omba ukatwe chini, ni kazi ya nusu saa kwa seremala. Usiukate mwenyewe kama umepanga, na mlango wa kuzuia moto, ule mzito unaojifunga wenyewe, haukatwi kiholela hata kama nyumba ni yako.

5. Fungua vitundu vya juu ya madirisha ya nyumba nzima. Kwenye fremu nyingi za kisasa kuna kibao chembamba cha kusukuma au kupindua, kinachoruhusu hewa kidogo. Hewa inayovutwa na feni yako inaingilia huko, chumbani na sebuleni, inapita korido, inaingia bafuni chini ya mlango, inatoka. Ukivifunga, au ukavibandika utepe kama nilivyoona kwa baadhi yetu, umekata safari hiyo mwanzoni. Baridi inayoingia hapo ni ndogo. Sogeza kitanda kama inakupiga kichwani.

6. Oga kwa utaratibu huu. Washa feni kabla ya kufungua maji. Funga mlango. Oga. Ukimaliza, acha mlango umefungwa na feni inaendelea.

Kwa muda gani? Piga hesabu nami. Kiwango cha chini cha feni ya bafu huku ni lita 15 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 54 kwa saa. Bafu la mita 2 kwa 2 lenye dari ya mita 2.4 lina mita za ujazo 9.6. Kuibadilisha hewa yote mara moja ni dakika kama 11, lakini hewa mpya huchanganyika na ya zamani, kwa hiyo unahitaji mizunguko mitatu hivi kabla mvuke haujabaki kidogo sana. Hiyo ni nusu saa, na bado kuna maji kwenye vigae yanayoendelea kukauka. Feni inayozima mara tu unapozima taa haisaidii chochote. Bafu lisilo na dirisha feni yake inatakiwa iendelee kwa dakika 15 baada ya taa kuzimwa, nami nasema iongezwe ifike 30. Feni nyingi zina kiskrubu cha kurekebisha muda chini ya kifuniko.

Umeme usikutie hofu. Feni ya kawaida hula wati 10 hadi 20. Ya wati 10 ikiwaka saa 24 inatumia robo ya yuniti, kwa bei za sasa za Uingereza ni kama peni 6 au 7.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza, kufungua mlango wa bafu ukishamaliza "ili mvuke utoke". Utatoka, ndiyo, utaenda chumbani kwako, utakaa nyuma ya kabati kwenye ukuta wa nje, na Februari utaukuta kwenye koti. La pili, kufungua dirisha la bafu na kuwasha feni kwa pamoja. Dirisha likiwa karibu na feni, feni inavuta hewa ya hapo dirishani na kuirudisha nje, mvuke wa upande wa pili haujaguswa. Chagua kimoja. Bafu lenye dirisha lisilo na feni: mlango ufungwe, dirisha liachwe wazi kabisa dakika 15 hadi 20, kisha ufunge. Kuliacha wazi ufa mdogo mchana kutwa ndiyo njia mbaya zaidi, kwa sababu kuta zinapoa na mvuke wa mtu wa kesho unapata pa kugandia.

7. Futa maji yaliyobaki. Vigae, kioo cha shawa, ukingo wa bafu: vuta maji kwa kifutio yaende kwenye tundu. Dakika moja. Maji yaliyoteremka kwenye bomba la taka hayahitaji tena feni. Kama mko watano na mnaoga mmoja baada ya mwingine kabla ya shule, hatua hii ina faida kuliko zote zilizotangulia, isipokuwa ile ya swichi. Aliyeoga wa mwisho ndiye mfutaji, watoto wataipanga wenyewe zamu.

Na kama bado unaoga kwa ndoo na kopo, usione haya. Shawa ya moto huvunja maji kuwa vitone vidogo sana hewani, kopo halifanyi hivyo. Mvuke wake ni mchache, na maji ya moto unayotumia pia.

8. Usiliache bafu liwe baridi kama friji. Najua bei ya gesi. Lakini bafu la nyuzi 12 lina kuta ambazo kila tone litazipenda. Kuziacha hita zikishikilia nyuzi 17 au 18 kwa saa nyingi hukausha zaidi ya kuzima kutwa na kuwasha moto mkali saa moja usiku. Taulo zilizolowa zisirundikwe juu ya hita.

9. Toa nguo bafuni na juu ya hita. Mzigo mmoja wa nguo zilizotoka kwenye mashine unaweza kuachia lita 2 za maji hewani. Kanga, mashuka, sare za kazi za wiki nzima zikikaushwa sebuleni, umemwaga ndoo ya maji ndani ya nyumba iliyozibwa. Zungusha mara ya pili kwa kasi kubwa kabla ya kuanika, mizunguko 1200 au 1400. Kama huna nje wala mashine ya kukaushia, basi bafuni ndiko pa kuanika, ila kwa sharti: mlango umefungwa na feni inawaka mpaka zikauke.

Jikoni nako vilevile, kwa ufupi. Maharage yakichemka saa mbili bila kifuniko, maji yaliyopungua kwenye sufuria yapo ukutani. Funika, na uwashe feni ya juu ya jiko kama inatoa hewa nje. Nyingi za fleti huzungusha tu hewa na kuirudisha jikoni.

10. Sasa ondoa ukungu uliopo. Nimeiweka hapa chini makusudi. Ukiusafisha kabla ya hatua za juu, utausafisha tena.

Vaa glavu, miwani na barakoa. Fungua dirisha, funga mlango, watoto na mwenye pumu wawe mbali. Usipige brashi ukungu mkavu, vumbi lake litaruka nyumba nzima. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Kwenye vigae na vioo, maliza kwa dawa ya kuua ukungu kwa kufuata maelezo ya chupa. Acha pakauke kabisa.

Onyo ambalo sitachoka kulirudia: dawa ya klorini, ile tuliyozoea kuiita jiki, isichanganywe na siki, dawa ya kuondoa magadi chooni, wala dawa yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu lililozibwa ni mahali pabaya kuliko pote pa kuivuta.

Silikoni iliyoingia weusi ndani haisafishiki. Inakatwa, panakaushwa siku nzima, inawekwa mpya. Ubao wa dari uliolainika unabadilishwa. Ukungu uliozidi eneo la mita moja ya mraba, au uliotokana na maji ya choo, uachie wataalamu. Rangi ya kuzuia ukungu inafuata baada ya yote hayo. Ukipaka juu ya ukungu ulio hai, rangi itabanduka pamoja nao.

11. Kama feni ni dhaifu, ibadilishwe kwa akili. Ile ya mapanga ya kawaida inafaa ukutani, ambako bomba lake ni la kutoboa ukuta tu. Ikiwa hewa inapita darini kwa bomba la mita kadhaa, ile itachoka njiani. Hapo takeni yenye msukumo mkubwa zaidi, ama inayokaa katikati ya bomba. Bomba la kukunja livutwe linyooke, livikwe kizuia baridi, na liishie nje ya paa, kamwe lisiishie ndani ya dari.

Kwa pesa yangu, kwenye nyumba iliyozibwa kweli ningeweka feni inayozunguka polepole saa zote na kujiongeza yenyewe unyevu ukipanda. Haisikiki, haisahauliki, na hakuna mtoto wa kuizima. Kufunga nyaya zake ni kazi ya fundi umeme aliyesajiliwa, bafuni hatujaribu.

Na mashine ya kunyonya unyevu? Ina nafasi yake: nyumba ambayo feni haijapatikana bado, nguo nyingi, chumba chenye ubaridi. Lita zilizoandikwa kwenye boksi, 12 au 20 kwa siku, kwa kawaida hupimwa kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80. Chumbani kwako utapata kidogo sana kuliko hapo. Zile za kompresa, zinazopoza hewa kama friji, zinafanya vizuri kwenye vyumba vya nyuzi 15 na zaidi. Chumba kikiwa baridi kuliko hapo, chukua ile inayonyonya unyevu kwa kemikali kavu. Isiingizwe bafuni kwa waya wa kuunganishia, iweke koridoni. Vile vikopo vya chumvi vya dukani vya pauni chache vinafaa kabati la viatu, si bafu.

Ukiwa na mwenye nyumba mgumu

Fanya hatua ya 1 hadi ya 9, kisha uandike. Piga picha, ambatanisha namba za kipima unyevu na matokeo ya jaribio la karatasi, tuma kwa barua pepe, usiishie kwenye simu. "Feni haishiki karatasi na saa moja baada ya kuoga unyevu ni 82" ni sentensi ngumu kuijibu kwa "mnaoga sana".

Tangu Machi 2019 nyumba ya kupanga England (sheria hii si ya Uingereza yote), ya binafsi au ya halmashauri, inatakiwa kisheria iwe inakalika, na unyevu mkubwa ni moja ya mambo yanayoangaliwa. Wapangaji wa nyumba za halmashauri na vyama vya nyumba wana nguvu zaidi. Awaab Ishak, mtoto wa miaka 2, alifariki Rochdale Desemba 2020, na mwaka 2022 uchunguzi wa kifo chake ulithibitisha kuwa chanzo ni ukungu wa fleti waliyokuwa wakiishi. Wazazi wake walitoka Sudan, na walikuwa wameshalalamika. Sheria iliyopewa jina lake ilianza kutumika kwenye nyumba hizo za halmashauri na vyama tarehe 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na hatari kubwa ya unyevu na ukungu ichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Andika tarehe uliyoripoti. Ndiyo inayohesabiwa.

Bado haijakubali?

*Maji yanadondoka kutoka kwenye feni.* Mara nyingi hayatoki kwenye paa. Ni mvuke uliopoa ndani ya bomba la darini na kurudi. Bomba limelegea na kufanya tumbo la maji, au halina kizuia baridi. Zima feni kwenye swichi yake kwanza, maji na umeme haviaminiki, kisha ita fundi.

*Feni inashika karatasi lakini kioo bado kinatoa matone.* Kioo kutoa matone wakati wa kuoga ni kawaida. Angalia kinakauka baada ya muda gani. Ndani ya nusu saa, hakuna tatizo.

*Bafu ni kavu, ukungu uko chumbani.* Pumzi za watu wawili waliolala mlango na vitundu vimefungwa zinatosha. Vuta kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje, fungua vitundu, acha mlango wa chumba wazi mchana.

*Nyumba yangu ni mpya, ina mashine moja ya kuingiza na kutoa hewa, yenye matundu ya mviringo darini.* Huo mfumo hurudisha joto la hewa inayotoka. Usiuzime, usizungushe wala kuziba matundu yake, kila moja limepimwa. Vichujio vinabadilishwa kila miezi 6 hadi 12. Vikijaa vumbi, bafu ndilo litakalokuambia kwanza. Tafuta kitufe cha kuongeza kasi, ukibonyeze ukienda kuoga.

*Fleti ya ghorofa, feni haina injini, ni tundu tu linalovuta.* Injini iko juu ya paa na ni ya jengo zima. Likiacha kuvuta, waulize majirani. Kama nao halivuti, ni kazi ya wasimamizi wa jengo.

*Mimi niko Dar, fleti ya madirisha ya alumini na AC, vigae vya bafu vinatoka jasho.* Kwako kila kitu kimegeuka. Hewa ya nje ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa matone kwenye kitu chenye nyuzi 25, na ukuta unaopakana na chumba chenye AC unakuwa baridi kuliko hapo. Ukifungua dirisha la bafu AC ikiwaka, unaukaribisha unyevu. Mlango kati ya chumba na bafu ubaki umefungwa, feni iwake wakati wa kuoga na nusu saa tu baadaye, maji yafutwe kwa kifutio, na AC isishushwe chini ya nyuzi 25 au 26. Kama rimoti ina hali ya kukausha, yenye alama ya tone la maji, itumie miezi ya masika.